Magitaa ya Kubaki na Magitaa ya Kuuza

Magitaa huingia nyumbani moja moja, kila moja na sababu yake. La kwanza hununuliwa la kujifunzia. La pili hufuata kwa kuwa la kwanza halisikiki jukwaani. La tatu huachwa na mjomba, la nne hupatikana kwa bei ya kutupa, na la tano ni lile lililotamaniwa tangu ujana hadi siku fedha ilipotimia. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Miaka ishirini ikipita, makasha yamejaa uvunguni, nyuma ya mlango na juu ya kabati. Kisha huja kuhama nyumba, kustaafu, ada za shule au vidole vilivyoanza kukaza, na mwenye magitaa hulazimika kuamua yapi yabaki na yapi yaende kwenye mikono mingine.

Watu wengi huanza kwa kuuliza lipi litaleta fedha nyingi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulia huharibu yote yanayofuata, kwa sababu gitaa lenye bei kubwa sokoni mara nyingi ndilo gumu zaidi kulirudisha likishaondoka. Maswali mawili yanastahili kuulizwa kabla yake. Je, kazi ya gitaa hili inaweza kufanywa na jingine lililobaki? Na likihitajiwa tena, litapatikana? Gitaa ambalo majibu yake yote mawili ni ndiyo ndilo la kuuzwa mbele ya mengine. Bei, hali, sheria na kumbukumbu hupimwa juu ya msingi huo.

Sababu ya kupunguza

Kupunguza kwa ajili ya nafasi, kwa ajili ya fedha na kwa ajili ya matunzo ni mambo matatu tofauti. Anayetafuta nafasi huhesabu makasha. Kwake gitaa kavu la mwili mpana, ndani ya kasha lake gumu, lina uzito kuliko gitaa la umeme linalokaa kwenye mfuko, hata kama la umeme lina bei mara tatu. Magitaa manne ya bei ya kawaida yakiondoka, chumba kinapumua na mkusanyiko haujapoteza kitu kikubwa.

Anayetafuta fedha hukutana na mtego. Mathalani mtu ana magitaa kumi, na moja kati yake lina thamani ya mengine sita yakijumlishwa. Kuuza lile moja ni kazi ya tangazo moja, mnunuzi mmoja na kifurushi kimoja. Kuuza sita ni kazi hiyo mara sita. Kwa hiyo lile moja hushawishi. Lakini likiuzwa, makasha tisa yanabaki ndani na mkusanyiko umepoteza kilele chake. Kwa mtu mwenye shida ya haraka, kwa mfano gharama za hospitali, njia hiyo inaweza kuwa ndiyo pekee. Kwa asiye na haraka, kuuza yale sita kidogo kidogo hulipa fedha ileile, hupunguza mzigo na kuliacha gitaa bora mahali pake.

Anayepunguza kwa ajili ya matunzo huangalia mahitaji ya kila gitaa. Watengenezaji wa magitaa ya mbao tupu, zisizo za tabaka, Martin na Taylor wakiwamo, hushauri unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55. Katika nyumba za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mashine za kupasha joto hukausha hewa wakati wa baridi, na mbao hupasuka. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar tatizo ni la upande wa pili: hewa ya pwani hupita kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, mbao huvimba, gundi hulegea, na chumvi hula nyuzi na vyuma. Gitaa moja linaweza kulindwa. Kumi na tano ni kazi ya kudumu. Anayeishi pwani na anayelemewa na matunzo ana sababu nzuri ya kuachia kwanza magitaa makavu ya mbao tupu anayoyapiga kwa nadra, na kubaki na ya umeme, ambayo miili yake haisumbuliwi sana na hewa.

Daftari kabla ya soko

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla gitaa lolote halijatajwa kwa mnunuzi, yote huorodheshwa: kampuni, aina, namba ya utambulisho, mwaka, bei ya ununuzi, vipuri vilivyobadilishwa, kasoro, na tarehe ya mwisho lilipopigwa. Kipengele hicho cha mwisho kina ushahidi mkubwa kuliko maneno ya mwenyewe. Wapo wanaoapa kwamba hawawezi kuishi bila gitaa fulani, na daftari likaonyesha halijatoka kwenye kasha kwa miaka minne.

Namba za utambulisho husaidia kujua mwaka, lakini kila kampuni ina utaratibu wake. C. F. Martin, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1833 na inayofanya kazi Nazareth, Pennsylvania, imekuwa ikiweka namba kwa mfululizo tangu 1898, kwa hiyo mwaka wa gitaa lake hujulikana bila taabu. Gibson ilirudia namba zilezile katika miaka ya 1960, na gitaa la wakati huo huhitaji kuchunguzwa pia vipuri, lehemu za ndani na umbo. Mwaka 1977 Gibson ilianza namba za tarakimu nane zinazotaja mwaka na siku ya kutengenezwa. Fender kwa miaka mingi iliandika tarehe mwishoni mwa shingo, mahali pasipoonekana mpaka skrubu zifunguliwe.

Uchunguzi huo hufichua pia magitaa ya bandia. Nakala feki za Gibson zimeenea duniani, nyingine zikiwa na nembo na namba zinazofanana kabisa na za kweli. Mwenye gitaa la namna hiyo huenda alidanganywa yeye mwenyewe, lakini kuliuza kama la kweli ni kumdanganya mwingine. Huuzwa kwa jina lake halisi, au halitoki.

Kila gitaa na kazi yake

Katika bendi za dansi za Tanzania na Kongo, magitaa yamekuwa yakiitwa kwa kazi zake tangu zamani: solo, ridhim na besi, na Wakongo wakaongeza mi-solo, gitaa linalocheza katikati ya solo na ridhim. Mwanamuziki anayesema anapiga ridhim hatangulizi kampuni ya gitaa. Anataja nafasi yake katika wimbo. Mazoea hayo ni kipimo kizuri cha kupunguza mkusanyiko. Magitaa yakipangwa kwa majina ya kampuni, kila moja huonekana la lazima. Yakipangwa kwa kazi, yanayojirudia hujitokeza yenyewe.

Tofauti za kweli za sauti si nyingi kama orodha za maduka zinavyodai. Katika magitaa ya umeme kuna matawi mawili makubwa. Moja linatokana na Fender, iliyotoa Telecaster mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Stratocaster mwaka 1954: nyuzi zenye urefu wa sentimita 64.8, na pikapu za koili moja zinazotoa sauti angavu, inayokata. Jingine linatokana na Gibson: nyuzi za sentimita 62.9 hivi, na pikapu za koili mbili, ambazo mhandisi wake Seth Lover alizibuni mwaka 1955 ili kuondoa mngurumo wa umeme, na ambazo zilianza kufungwa kwenye magitaa mwaka 1957. Sauti yake ni nzito na ya mviringo zaidi. Kando ya hayo kuna gitaa la umeme lenye mwili wenye uwazi, gitaa kavu la nyuzi za chuma, gitaa la nyuzi za nailoni, gitaa la nyuzi kumi na mbili, na besi. Mtu mwenye moja zuri katika kila tawi analolitumia ana takriban kila sauti atakayohitaji.

Magitaa mawili ya tawi moja huchunguzwa kwa kusikilizwa. Yote hufungwa nyuzi mpya za aina moja, hupigwa siku moja kwenye amplifaya moja bila kugusa vitufe, na hurekodiwa yakicheza kipande kilekile. Baada ya wiki moja rekodi husikilizwa bila kujua ipi ni ya gitaa gani. Mwenye magitaa akishindwa kuyatenganisha kwa sikio, yanafanya kazi moja, na moja kati yake linaweza kwenda. Akiyatenganisha kila mara, kila moja lina hoja ya kubaki.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mpigaji wa jukwaani huhitaji gitaa la akiba, kwa kuwa uzi hukatika katikati ya wimbo na wachezaji hawasubiri. Anayefunga nyuzi kwa tuni zisizo za kawaida huweza kuwa na haja ya magitaa mawili yanayofanana, kila moja na tuni yake. Na gitaa la nailoni lililo peke yake nyumbani, hata likiwa la bei ndogo, halifai kutangulia sokoni, kwa sababu likiondoka kazi yake yote inaondoka nalo.

Linalorudi na lisilorudi

Gitaa linalotengenezwa hadi leo kwa vipimo vilevile ni rahisi kuliachia. Stratocaster ya kiwandani ya miaka ya karibuni ikiuzwa na kisha kujutiwa, nyingine hupatikana. Hasara ni tofauti ya bei na usumbufu, basi. Magitaa mengine hayarudi kamwe, ama kwa kuwa yalitengenezwa machache, ama kwa kuwa mbao zake hazipatikani tena, ama kwa kuwa fundi aliyeyaunda amefariki.

Historia ya viwanda huonyesha mipaka hiyo. Januari 1965 Leo Fender aliuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13, na magitaa yaliyotangulia tarehe hiyo yamekuwa na daraja lake sokoni tangu hapo. Les Paul za rangi ya machweo zilizotengenezwa na Gibson kati ya 1958 na 1960 hazikufika 2,000. Wakati wake ziliuzwa kwa shida hata kampuni ikabadilisha umbo mwaka 1961, na leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Martin iliacha kutumia rozwudi ya Brazil katika uzalishaji wake wa kawaida mwaka 1969 ikahamia rozwudi ya India. Gitaa lake aina ya D-28 la kabla ya badiliko hilo na la baada yake yanafanana machoni, lakini kwa anayetaka kurudisha aliloliuza ni vitu viwili.

Hata hivyo upatikanaji wa leo haumaanishi upatikanaji wa kesho. Squier zilizotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1982 zilikuwa mbadala wa bei nafuu wa Fender ya Marekani. Leo zile za mwanzo hutafutwa na wakusanyaji. Aina ikifutwa kwenye orodha ya kiwanda, huhama polepole kutoka kundi la zinazorudi kwenda kundi la zisizorudi. Mwenye magitaa hana uwezo wa kutabiri kila badiliko, ila anaweza kuangalia kama aina yake bado inatengenezwa, na kama za mtumba ni nyingi au ni za kutafuta kwa tochi.

Linalofaa kupigwa na linalofaa kuuzwa

Thamani ya gitaa kwa mpigaji na thamani yake kwa mnunuzi hupishana, na katika kupishana huko ndiko uamuzi mzuri hupatikana. Soko hulipia hali ya awali: rangi ya kiwandani, vipuri vya kiwandani, kasha lake, hata risiti. Wauzaji wa magitaa ya zamani hukadiria kwamba gitaa la miaka ya 1950 au 1960 lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya bei. Pikapu zilizobadilishwa, vishikizo vya nyuzi vipya na matundu yaliyoongezwa hupunguza pia. Mpigaji hayasikii mengi ya hayo. Gitaa la zamani lililopakwa rangi upya na kufungwa freti mpya huweza kupigwa vizuri kuliko pacha wake asiyeguswa.

Kwa hiyo gitaa lenye mabadiliko mengi na sauti nzuri ni la kubaki: sokoni litaleta kidogo, mikononi linaleta mengi. Gitaa safi lisilo na alama, ambalo mwenyewe anaogopa kulitoa nje lisije likakwaruzwa, lina hoja nzito ya kuuzwa. Fedha imelala ndani yake, muziki haupo.

Minada mikubwa huonyesha kipimo hicho kikipinduliwa. Mwaka 1970 mpigaji gitaa Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa za miaka ya 1950 katika duka moja mjini Nashville. Tatu aliwapa wanamuziki wenzake George Harrison, Pete Townshend na Steve Winwood, kisha akachukua sehemu bora za zilizobaki akaunda gitaa moja jeusi lililoitwa Blackie. Kwa kanuni za soko, gitaa la kuungaunga vipande ni la bei ya chini. Juni 2004 liliuzwa katika mnada wa Christie's, New York, kwa dola 959,500. Gitaa jeusi la mwanamuziki David Gilmour, lililopakwa rangi upya na kubadilishwa shingo zaidi ya mara moja, lilifika dola 3,975,000 Juni 2019 katika mnada ambao magitaa yake zaidi ya 120 yalileta dola milioni 21.5 kwa shirika la mazingira la ClientEarth. Na Januari 2024 mjini London, Les Paul ya Mark Knopfler ya mwaka 1983, ambayo ni nakala ya kiwandani ya muundo wa 1959, iliuzwa kwa pauni 592,200, wakati Les Paul yake halisi ya 1959 ilifika pauni 693,000. Ile ya 1983 ndiyo aliyoitumia kurekodi baadhi ya nyimbo zake zinazojulikana dunia nzima.

Bei hizo zililipia historia ya mpigaji. Mwenye magitaa asiye na jina hawezi kuzitumia kama kipimo, kwa kuwa mnunuzi wake atalipia mbao, vyuma na hali yake. Lakini funzo moja linamhusu: historia iliyofanyika kwenye gitaa ni ya aliyeifanya. Soko halimlipi mpigaji wa kawaida kwa nyimbo alizotunga juu ya gitaa fulani. Akiliuza, anatoa historia hiyo bure.

Kasoro na matengenezo

Gitaa lenye kasoro huzua swali la kama litengenezwe kabla ya kuuzwa. Jibu hutegemea aina ya kasoro. Nyuzi kuukuu, vumbi, swichi inayokwaruza na shingo inayohitaji kunyooshwa kidogo kwa ufunguo wake hurekebishwa kila mara. Gharama ni ndogo, na mnunuzi anayejaribu gitaa hulipenda au hulikataa ndani ya dakika chache za kwanza.

Kazi kubwa ni mizani nyingine. Gitaa kavu likizeeka, mvuto wa nyuzi huivuta shingo mpaka nyuzi zinakuwa juu mno. Fundi hulazimika kuing'oa shingo na kuipachika upya kwa pembe sahihi. Kwa Martin ya zamani kazi hiyo hujilipa. Kwa gitaa la bei ndogo hugharimu zaidi ya gitaa lenyewe. Freti zilizolika huleta hesabu hiyohiyo. Mara nyingi ni afadhali kuuza gitaa kama lilivyo, kasoro ikitajwa waziwazi na kupunguzwa kwenye bei, kuliko kulipia kazi ambayo mnunuzi angependa kuipeleka kwa fundi wake mwenyewe.

Ufa wa kichwa unastahili kutajwa peke yake. Vichwa vya magitaa mengi ya Gibson vimelala nyuma kwa pembe ya digrii 17 hivi, na shingo ni ya mahogani iliyotobolewa ndani kupitisha chuma cha kuinyoosha. Gitaa likianguka chali, hapo ndipo hukatika. Ufa uliogundishwa vizuri huwa imara na sauti haibadiliki, ila bei huanguka vibaya. Les Paul iliyowahi kuvunjika kichwa na ikatengenezwa ni mfano kamili wa gitaa la kubaki: mwenye nayo ana gitaa zima, soko linaona nusu.

Kwa upande wa pili, hakuna sababu ya kubakiza gitaa bovu kwa ahadi ya kulitengeneza siku moja. Kama siku hiyo haijafika kwa miaka mitatu, haiko njiani.

Njia za kuuza

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya mwuzaji. Bei ya kweli ni ile ambayo magitaa ya aina hiyo, mwaka huo na hali hiyo yameuzwa hivi karibuni. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo huwafanya watu wakae na gitaa miezi minane wakilaumu wanunuzi.

Kuuza mkononi kwa mpigaji mwingine huleta fedha nyingi zaidi na huchukua muda mrefu zaidi. Duka hulipa papo hapo, kwa kawaida nusu hadi asilimia 60 hivi ya bei litakayouzia, kwa sababu lazima lilipe pango, mishahara na miezi ya kusubiri. Kati ya njia hizo kuna kuuza kwa mali kauli: gitaa hukaa dukani likiwa bado mali ya mwenyewe, na duka hukata kamisheni likishauzwa. Mnada hufaa magitaa adimu au yenye historia inayothibitika. Hata huko, bei inayotangazwa kwenye habari huwa na ada ya mnunuzi ndani yake, na mwuzaji hapokei kiasi chote.

Kwa kila njia huandikwa kile kitakachobaki mfukoni baada ya kamisheni, usafirishaji, kasha na matengenezo. Gitaa la bei ndogo likisafirishwa mbali linaweza kubakiza fedha ya nauli tu. Gitaa la namna hiyo ni bora litolewe. Mwanafunzi, kwaya ya mtaani, au chuo kinachofundisha muziki kama Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar au TaSUBa ya Bagamoyo huweza kulifanyia kazi kuliko soko litakavyolilipia, ilimradi wapokeaji waulizwe kwanza kama wanalihitaji na gitaa liwe linapigika. Kutoa gitaa bovu ni kumhamishia mwingine gharama.

Wakati nao una uzito. Bei za magitaa ya zamani zilishuka baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, na mahitaji yakapanda sana mwaka 2020, janga la Korona lilipowafungia watu majumbani. Asiye na haraka huweza kusubiri msimu mzuri. Kuuza magitaa matano ya aina moja wiki moja katika mji mmoja ni kujishushia bei mwenyewe.

Sheria za mipaka

Baadhi ya magitaa hayawezi kuvuka mpaka bila karatasi. Rozwudi ya Brazil, Dalbergia nigra, imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992. Gitaa lenye mbao hiyo likiuzwa nje ya nchi huhitaji kibali na ushahidi wa umri wake. Januari 2017 jenasi yote iliyosalia ya Dalbergia iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, ukiwamo mpingo wa Tanzania, Dalbergia melanoxylon, mti unaotengenezewa zumari za Ulaya na magitaa machache ya mafundi binafsi. Wapigaji na viwanda walilalamika, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zenye mbao za Dalbergia za Kiambatisho cha Pili zimeondolewa kwenye sharti la kibali. Rozwudi ya Brazil haikuguswa na nafuu hiyo.

Magitaa ya karne ya 19 huweza kuwa na pembe za ndovu au gamba la ng'amba, na sheria za bidhaa hizo ni kali zaidi, Marekani hasa. Mwenye gitaa la namna hiyo hufanya vyema kumtafuta mnunuzi ndani ya nchi alimo. Sheria hizi hugusa uchaguzi wenyewe: gitaa lililo rahisi kuuza kwa jirani na gumu kuuza nje lina soko dogo kuliko bei zake za kimataifa zinavyoonyesha.

Kumbukumbu, urithi na majuto

Majuto ndiyo hofu kubwa ya kila anayeuza. Hutokea zaidi kwa magitaa ya aina tatu: gitaa la kwanza, gitaa lililotoka kwa mtu aliyefariki, na gitaa lililotungiwa nyimbo. Haya huondolewa kwenye mizani ya bei tangu mwanzo, mradi idadi yake iwe ndogo. Kila gitaa likipewa hadhi hiyo, hakuna kinachopungua. Mawili au matatu yanatosha.

Urithi huhitaji mazungumzo. Wazazi wengi hutunza magitaa kwa ajili ya watoto ambao hawajawahi kuulizwa. Mtoto anayetaka gitaa moja la baba anaweza kutolitaka kabisa lile la bei kubwa. Analotaka ni lile aliloliona likipigwa sebuleni jioni. Asiyetaka lolote ana haki ya kutoachiwa mzigo wa kuuza vitu asivyovifahamu, kwa bei asizozijua, katika siku za msiba. Daftari lililotajwa mwanzoni ni zawadi kwa warithi hata kama hakuna gitaa litakalouzwa.

Kuuza kwa awamu hupunguza majuto. Clapton mwenyewe alifanya hivyo. Juni 1999 aliuza magitaa 100 kwa ajili ya kituo cha tiba ya uraibu cha Crossroads, Antigua, na miongoni mwake lilikuwamo gitaa liitwalo Brownie, lililofika dola 497,500. Blackie lilibaki kwake. Miaka mitano baadaye, kwa ajili ya kituo hichohicho, aliliachia nalo. Gitaa lisiloweza kuachiwa leo huweza kuachiwa baadaye. Lililouzwa leo halina uhakika wa kurudi.

Mpangilio wa uamuzi

Yakishakusanywa yote, uamuzi hufuata mpangilio mmoja. Kwanza hutengwa magitaa machache ya kumbukumbu. Pili hutengwa moja bora kwa kila kazi inayofanywa kweli, na la akiba kwa anayepiga jukwaani. Yaliyosalia ndiyo wagombea. Kati yake hutangulia yanayojirudia na yanayopatikana madukani. Hufuata yaliyo safi na yasiyopigwa. Mwisho kabisa huja adimu yasiyorudi, ambayo huguswa tu kama fedha inayotakiwa haijatimia.

Wagombea hufungiwa kwenye makasha na kuondolewa chumbani kwa miezi mitatu hadi sita. Lile linalofuatwa kwa ajili ya kazi halisi hurudishwa. Lisilofuatwa limejibu. Kisha huuzwa moja au mawili kwa wakati, likianza lenye kujutiwa kidogo zaidi, na baada ya kila mauzo hesabu hupigwa upya, kwa kuwa lengo la fedha au nafasi mara nyingi hutimia kabla orodha haijaisha. Likitimia, kuuza husimama.

Mkusanyiko uliopunguzwa kwa njia hii huweza kuwa na bei ndogo kuliko ule ambao ungebaki kama yangelindwa yale ya thamani kubwa pekee. Utakuwa na magitaa machache yanayotoka kwenye makasha kila wiki, kila moja na kazi isiyofanywa na jingine, na mengi kati ya yaliyoondoka yataweza kununuliwa tena yakihitajiwa.